Kuvunja Mkataba wa Zamani: Historia ya Mgogoro wa Kimaadili katika Ubadilishaji wa Bima za Maisha nchini Marekani, 1844–2022

1.0 Utangulizi

Bima ya maisha ni ahadi ndefu kuliko ahadi nyingi ambazo mtu wa kawaida huingia. Kijana wa miaka thelathini huanza kulipa leo kwa ajili ya fedha ambazo yeye mwenyewe hatazipokea. Watakaozipokea ni mjane na watoto, siku ambayo yeye hawezi tena kuwatetea wala kueleza alichokusudia. Katikati ya siku hizo mbili hutokea mara nyingi kwamba mtu wa tatu anabisha hodi, mwenye mkoba na karatasi za hesabu, na kumwambia mwenye bima kwamba mkataba alionao haufai. Auvunje, achukue mwingine ulio bora. Makala haya yanachunguza historia ya hodi hiyo nchini Marekani, na namna jamii ya huko ilivyojaribu kuamua ni lini anayebisha ni mwokozi na ni lini ni mnyang'anyi.

Marekani imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko biashara ya bima ya maisha ilikokua kwa kasi kubwa katika karne ya 19 kwa kutegemea jeshi la mawakala wanaolipwa kwa kamisheni. Pili, mabishano kuhusu suala hili yameacha kumbukumbu nyingi za wazi katika sheria za majimbo, ripoti za kamati za Bunge na hukumu za mahakama. Mawakala wa Marekani waliuita mchezo wa kumshawishi mteja kwa hila avunje mkataba wake kwa neno la lugha yao linalotumika kwa kusokota kamba. Katika makala haya mchezo huo utaitwa usokotaji, ili utofautishwe na ubadilishaji wa kawaida, ambao unaweza kuwa wa halali na wa manufaa.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba tofauti kati ya usokotaji na ubadilishaji halali haikuwahi kuwa nyepesi kama wenye kampuni walivyopenda kuionyesha. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, waliolaani usokotaji kwa sauti kubwa zaidi ndio waliokuwa wamejenga mikataba kwa namna iliyoufanya uwe na faida kwa wakala na hasara kwa mteja.

2.0 Namna Mkataba Unavyojengwa

Mjadala huu haueleweki bila kueleza kwa ufupi hesabu iliyo ndani ya mkataba. Hatari ya kufa huongezeka kadiri umri unavyopanda. Kama mtu angelipa kila mwaka kiasi kinacholingana na hatari ya mwaka huo tu, angelipa kidogo sana ujanani na kiasi kisichobebeka uzeeni. Ili kuepuka hali hiyo, bima ya maisha yote hutoza ada isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Katika miaka ya mwanzo mteja hulipa zaidi ya hatari yake, na ziada hiyo huwekwa kama akiba, ikazaa riba na kuja kufidia upungufu wa miaka ya baadaye. Bima ya muda haina akiba ya namna hiyo. Humkinga mtu kwa miaka kadhaa, kisha hukoma au hupanda bei.

Akiba ndiyo kiini cha ugomvi wote. Ni ya nani? Kampuni inaishika, lakini imetokana na fedha ambazo mteja amelipa kabla ya wakati wake. Mteja anayevunja mkataba baada ya miaka kumi anaacha nyuma kitu chenye thamani, na swali ni kiasi gani cha kitu hicho atarudishiwa.

Jambo la pili ni kamisheni. Kwa desturi iliyoota mizizi mapema, wakala hulipwa sehemu kubwa ya ada ya mwaka wa kwanza, kisha sehemu ndogo ya ada za miaka inayofuata. Katika jimbo la New York, ambalo sheria yake ilikuja kuwa kali kuliko za majimbo mengi, kikomo cha kamisheni ya wakala kwa mwaka wa kwanza kiliwekwa kuwa asilimia 55 ya ada. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba mteja analipa dola 1,000 kwa mwaka. Wakala anaweza kupata dola 550 mwaka wa kwanza, na baada ya hapo makombo. Akimwacha mteja huyo atulie na mkataba wake kwa miaka ishirini, kazi yake kubwa imeshalipwa zamani. Akimshawishi auvunje na kuanza upya, dola 550 zinarudi tena, na anayezilipa ni yule yule.

Mteja naye hupoteza zaidi ya gharama hiyo. Amezeeka, kwa hiyo ada ya mkataba mpya hukadiriwa kwa umri mkubwa zaidi. Huenda afya yake imebadilika. Kuna pia kifungu ambacho hutajwa kwa nadra mbele ya mteja: mkataba ukishakaa kwa muda fulani, kwa kawaida miaka miwili, kampuni hairuhusiwi tena kukataa kulipa kwa madai kwamba mteja alikosea kujaza fomu ya maombi. Mkataba mpya huanza kuhesabu miaka hiyo upya. Mjane wa mtu aliyebadilisha bima yake na kufa baada ya mwaka mmoja anaweza kukutana na wapelelezi wa kampuni wakipekua rekodi za hospitali, ilhali mkataba uliovunjwa ungelipwa bila swali.

Hata hivyo hesabu hiyo inaweza kugeuka. Mkataba wa zamani ukiwa ghali mno au wenye riba duni, au ukiwa na kinga ndogo isiyolingana na mahitaji ya familia, kuung'ang'ania ni hasara. Wakala anayeona hivyo akanyamaza hawezi kuitwa mwaminifu.

3.0 Elizur Wright na Mnada wa London

Mwaka 1844 Mmarekani mmoja, Elizur Wright, alisafiri kwenda Uingereza akitafuta soko la tafsiri yake ya hekaya za La Fontaine. Wright hakuwa mtu wa bima. Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyegeuka kuwa mwanaharakati, na alikuwa amewahi kuwa katibu wa Chama cha Marekani cha Kupinga Utumwa. Huko London alishuhudia, katika jengo la Royal Exchange, mnada ambao haukumtoka akilini maisha yake yote: wazee walioshindwa kuendelea kulipa ada walikuwa wakiuza mikataba yao ya bima kwa walanguzi. Mnunuzi aliendelea kulipa ada, akangoja mzee afe, akachukua fedha. Kwa kuwa kampuni haikuwa na wajibu wa kumrudishia mzee chochote, mnada ndio ulikuwa njia yake pekee ya kupata walau kitu kidogo. Wright aliyalinganisha mauzo hayo na minada ya watumwa ya nchini mwake.

Kumbukumbu hiyo ilizaa sheria. Massachusetts ilipitisha mwaka 1858 sheria iliyozilazimu kampuni kuweka akiba iliyokokotolewa kwa kanuni za hisabati, na Wright akateuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa bima wa jimbo hilo, wadhifa alioushika kwa miaka kadhaa. Mwaka 1861 alifanikisha sheria nyingine iliyosema kwamba mteja akiacha kulipa, kampuni haiwezi kuimeza akiba yake yote. Sehemu nne kati ya tano za thamani halisi ya mkataba zilipaswa kutumika kumwendelezea kinga kwa muda ambao fedha hizo zingetosha. Mwaka 1880 jimbo hilo likaongeza haki ya mteja kurudishiwa fedha taslimu.

Sheria hizi kwa kawaida huelezwa kama historia ya kumlinda mteja dhidi ya kupoteza akiba, na ndivyo zilivyo. Lakini zilikuwa pia mwanzo wa maadili ya ubadilishaji, jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha. Kabla ya 1861, mteja aliyekuwa na mkataba mbaya alikuwa mateka: akitoka, anaacha kila kitu. Kampuni haikuhitaji kumhudumia vizuri ili abaki. Haki ya kutoka na akiba yako mkononi ndiyo iliyofanya kuwepo na uchaguzi wa kweli kati ya mkataba wa zamani na mpya. Ni kweli kwamba haki hiyo hiyo iliweka mezani fedha ambazo wakala mwenye tamaa angeweza kuzinyemelea. Wright aliliona suala kwa upande wa mteja anayefungwa. Kizazi kilichofuata kiliona upande wa pili.

4.0 Tontini na Kuzaliwa kwa Kosa la Usokotaji

Henry Baldwin Hyde alianzisha kampuni ya Equitable mjini New York mwaka 1859, na mwaka 1868 akaleta sokoni mkataba wa aina ya tontini. Wateja walikubali kutopokea gawio la kila mwaka kwa miaka 10, 15 au 20. Aliyekufa ndani ya muda huo warithi wake walipata kiasi cha bima bila gawio. Aliyeshindwa kulipa alipoteza karibu kila kitu. Waliobaki hai na kuendelea kulipa hadi mwisho waligawana kilichoachwa na wenzao. Kampuni nyingine kubwa zikaiga. Kwa maneno mengine, hasara ya anayetoka, ambayo Wright alikuwa ameipiga vita, sasa iliuzwa kama faida ya anayebaki.

Tontini ilileta fedha nyingi mno, na fedha hizo zikalisha vita vya mawakala. Kampuni tatu kubwa za New York, yaani Mutual, Equitable na New York Life, zilishindana kwa ukubwa wa mauzo mapya ya kila mwaka. Mawakala walipandishiwa kamisheni, wakahongwa wahame kutoka kampuni moja hadi nyingine, na walipohama walitaka kuhama na wateja wao. Hapo ndipo usokotaji ulipoenea. Wakala aliyekuwa jana akiapa kwamba kampuni A ni mwamba, leo alikuja na jedwali la kuonyesha kwamba A inayumba na B ndiyo salama. Chama cha kitaifa cha mawakala, kilichoundwa mwaka 1890, kilipinga vitendo vya namna hiyo, lakini chama hakikuwa na nguvu juu ya ofisi za wakurugenzi walikotoka motisha wenyewe.

Mlango ulifunguka kwa njia isiyotarajiwa. Januari 1905 James Hazen Hyde, mwana wa mwanzilishi wa Equitable, alifanya sherehe ya kifahari mjini New York iliyopambwa kwa mtindo wa kasri la Versailles. Magazeti yaliuliza nani alilipa. Ugomvi ndani ya kampuni ukalipuka hadharani, na Bunge la jimbo likaunda kamati chini ya Seneta William W. Armstrong. Mwanasheria wa kamati, Charles Evans Hughes, ambaye baadaye alikuja kuwa Gavana na kisha Jaji Mkuu wa Marekani, aliwahoji wakurugenzi mmoja baada ya mwingine. Sheria za 1906 zilizotokana na kazi hiyo zilikomesha ucheleweshaji wa gawio na kuweka mipaka ya gharama za kutafuta biashara mpya.

Katika miaka hiyo na iliyofuata, majimbo yaliandika pia katika sheria zao kosa la usokotaji. Tafsiri yake ilifanana karibu kila mahali: ni kosa kwa wakala kutumia maelezo ya uongo, au ulinganisho usiokamilika, ili kumfanya mwenye bima aache, avunje au abadilishe mkataba wake.

Maneno hayo, ulinganisho usiokamilika, yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa sura ya kwanza yanaonekana kuwa ya haki kabisa. Lakini ulinganisho uliokamilika ungehitaji nini? Ungehitaji wakala aonyeshe ni sehemu gani ya ada ya mkataba wa zamani hununua kinga, ni sehemu gani huingia katika akiba, riba ya akiba hiyo ni kiasi gani, na gharama ni kiasi gani. Mambo hayo hayakuandikwa popote ndani ya mkataba, na kampuni hazikuwa na wajibu wa kuyatoa. Sheria ilimtaka mgeni aoneshe kitu ambacho mwenye nyumba alikuwa amekifungia kabatini. Matokeo yake ni kwamba wakala mwongo na wakala mkweli walisimama karibu sawa mbele ya sheria, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeweza kukamilisha hesabu.

Kulikuwa na mtu aliyeona njia nyingine. Louis Brandeis, wakili wa Boston aliyewawakilisha wenye mikataba ya Equitable wakati wa kashfa, alielekeza macho yake kwa wafanyakazi wa viwandani waliolipa senti chache kila wiki kwa wakala aliyepita mlangoni, na ambao mikataba yao mingi ilikufa kabla ya wao kufa. Mwaka 1907 Massachusetts ilikubali pendekezo lake la kuziruhusu benki za akiba kuuza bima ya maisha bila mawakala wa kupita nyumba kwa nyumba. Pasipo kamisheni ya mwaka wa kwanza, hakuna anayefaidika kwa kumhamisha mteja. Mpango huo ulidumu lakini ulibaki mdogo, kwa sababu iliyo rahisi: watu wachache huenda wenyewe kununua bima ya kifo chao.

Mwaka 1927 ilianzishwa taasisi ya kuwasomesha mawakala, kwa uongozi wa Profesa Solomon Huebner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waliohitimu waliahidi kumpa mteja huduma ile ile ambayo wangejipa wenyewe kama wangekuwa katika hali yake. Ahadi hiyo ni nzuri, na kwa suala la ubadilishaji ni nzito kuliko sheria, kwa kuwa haiulizi kama ulinganisho ulikuwa kamili bali kama wakala mwenyewe angevunja mkataba ule.

5.0 Wakati Kubadilisha Kulipodaiwa Kuwa Wajibu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hali ilitulia kwa muda. Sheria ya mfano kuhusu thamani ya kurudishiwa, iliyoandaliwa chini ya uongozi wa mtaalamu wa hesabu za bima Alfred Guertin na kuidhinishwa na umoja wa makamishna wa bima mwaka 1942, ilikuwa imeenea. Hata sheria ya kodi ya 1954 ilikubali kwamba kubadilisha mkataba si dhambi: ibara yake ya 1035 iliruhusu mkataba mmoja wa bima ya maisha ubadilishwe kwa mwingine bila faida iliyolimbikizwa kutozwa kodi wakati huo.

Mfumuko wa bei wa miaka ya 1970 ulivuruga utulivu huo. Mikataba iliyouzwa kwa ahadi ya riba ndogo ilionekana ya kusikitisha kando ya riba za soko, ambazo zilipanda mpaka benki zikawatoza wakopaji wao bora asilimia 21.5 mwezi Desemba 1980. Mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa ripoti ya wataalamu wake iliyokadiria kwamba sehemu ya akiba katika bima za maisha yote ilizaa kwa wastani asilimia 1.3 tu mwaka 1977. Kampuni zilipinga mbinu za hesabu hiyo kwa ukali. Hazikuishia kupinga: mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoizuia tume hiyo kuchunguza biashara ya bima isipokuwa kwa kuombwa na kamati za Bunge. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa lile kabati lililofungwa.

Katika hali hiyo alisimama Arthur L. Williams, aliyekuwa kocha wa soka la Kimarekani katika shule za sekondari za Georgia. Baba yake alikuwa amekufa ghafla mwaka 1965 akiwa na bima ya maisha yote ambayo haikutosha kuitunza familia. Mwaka 1977 Williams alianzisha kampuni iliyokuwa na ujumbe mmoja: nunua bima ya muda, iliyo rahisi, na wekeza tofauti ya ada. Mawakala wake, wengi wao wakifanya kazi hiyo baada ya saa za ajira zao, waliingia majumbani na kuwaambia watu wavunje mikataba ya zamani. Kampuni kongwe zilimwita msokotaji mkuu. Yeye alidai kwamba wasokotaji ni wao.

Hukumu juu ya harakati hii haiwezi kuwa ya neno moja. Kwa baba wa miaka 30 mwenye watoto watatu na bima ndogo ya ada kubwa, ushauri wa kuchukua kinga kubwa kwa bei ile ile ulikuwa sahihi, na mawakala wa kampuni kongwe walikuwa wamemnyima kwa makusudi, kwa kuwa bima ya muda iliwalipa kamisheni ndogo. Kwa mtu wa miaka 58 aliyekwisha kulipa miaka 25, ambaye gharama zote za mwanzo wa mkataba wake zilikuwa zimekwisha kumezwa, ushauri ule ule ungeweza kumwacha bila kinga katika uzee. Kisha kuna ile tofauti ya ada, ambayo katika familia nyingi huishia sokoni na kwenye karo kabla haijafika kwenye uwekezaji wowote. Ubaya wa harakati hiyo ulikuwa katika kutoa jibu moja kwa wateja wawili tofauti, na jambo hilo lilikuwa karibu haliepukiki pale ambapo wakala amefundishwa kwa muda mfupi na hulipwa kwa kila mkataba anaoupindua.

Msomi aliyejaribu kuliondoa suala hili katika matusi ya pande mbili alikuwa Joseph Belth wa Chuo Kikuu cha Indiana. Kwa takriban miaka arobaini, kuanzia 1974, alichapisha jarida dogo lisilopokea matangazo ya biashara, akieleza namna ya kukokotoa bei ya kila dola 1,000 za kinga na riba ya akiba kwa mwaka mmoja mmoja. Msimamo wake ulikuwa kwamba hakuna anayeweza kusema kama mkataba wa zamani ubadilishwe bila kuupima huo mkataba wenyewe kuanzia siku ya leo kwenda mbele. Fedha zilizolipwa zamani zimekwenda, na kuzililia hakusaidii. Kampuni hazikumpenda, na wala wafuasi wa Williams hawakumpenda.

6.0 Kusukasuka: Adui Akiwa Ndani ya Nyumba

Majimbo yalianza kuweka kanuni maalumu za ubadilishaji tangu miaka ya 1970, yakifuata kielelezo cha umoja wa makamishna. Wakala alitakiwa kuuliza kama mteja ana bima nyingine, na kampuni ya zamani ilitakiwa iarifiwe ili ipate nafasi ya kujitetea. Utaratibu huo ulitegemea kwamba kampuni inayopoteza mteja italia. Haukuwa na nguvu pale ambapo anayepoteza na anayepata ni mmoja.

Ndivyo ilivyokuja kutokea. Katika miaka ya 1980 kampuni zilizowahi kulaani usokotaji zilianza kuuza mikataba mipya yenye riba inayofuata soko, na wateja wa karibu zaidi walikuwa wao wenyewe waliokuwa na akiba katika mikataba ya zamani. Wakala alimwambia mzee kwamba anaweza kupata bima kubwa zaidi bila kutoa senti mfukoni. Kilichofanyika nyuma ya maneno hayo ni kwamba akiba ya mkataba wa zamani ilichotwa, kwa mkopo au kwa gawio, ili kulipia ada ya mkataba mpya. Akiba ilipokauka, barua ya kudai ada ilifika, na mara nyingi mikataba yote miwili ilikuwa hatarini kufa. Wamarekani waliuita mtindo huu kwa neno la kusukasuka maziwa, na kwa kweli siagi ilikwenda kwa wakala.

Kesi kubwa kuliko zote ilihusu Prudential ya New Jersey, kampuni ambayo katika karne ya 19 ilikuwa imejijengea jina kwa bima za senti za wafanyakazi. Kikosi cha wasimamizi wa bima kutoka majimbo mengi kilitoa ripoti yake mwaka 1996, na kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 35. Kesi ya pamoja ya wateja iliwahusu watu zaidi ya milioni 8 walionunua mikataba kati ya 1982 na 1995. Mwaka 1997 mahakama ya shirikisho iliidhinisha suluhu, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaithibitisha. Kabla ya hapo, Januari 1997, jaji wa kesi hiyo alikuwa ameitoza kampuni dola milioni 1 kwa sababu nyaraka zilizopaswa kuhifadhiwa ziliharibiwa katika ofisi zake.

Mazingatio ya kihistoria hapa hayahusu kampuni moja. Kwa miaka tisini lawama ya usokotaji ilikuwa imeelekezwa kwa mgeni, wakala wa kampuni pinzani. Mikasa ya miaka ya 1990 ilionyesha kwamba mkataba wa mteja ungeweza kupinduliwa na nyumba ile ile iliyoutunga, kwa nembo ile ile na pengine kwa mkono wa wakala yule yule ambaye familia ilimwita rafiki.

7.0 Saini na Maslahi

Kanuni ya mfano iliyoandikwa upya mwaka 1998 ilijaribu kuziba pengo hilo. Wakala alitakiwa kumsomea mteja tangazo la tahadhari, labda kama mteja mwenyewe atakataa kusomewa, na wote wawili watie saini. Mteja alipewa siku 30 tangu kupokea mkataba mpya za kuurudisha na kurejeshewa fedha zake. Kampuni zilitakiwa kufuatilia mienendo ya mawakala wao. Haya yote yana manufaa, hasa zile siku 30, ambazo zinampa mteja nafasi ya kumwonyesha mtoto wake au mtu anayemwamini karatasi zile wakala akiwa ameondoka. Lakini saini chini ya tangazo ina kasoro ya kale: inathibitisha kwamba mteja ameonywa, haithibitishi kwamba ameshauriwa vyema. Kampuni yenye saini mkononi imejikinga zaidi kuliko ilivyomkinga mjane.

New York ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 msimamizi wa fedha wa jimbo hilo alirekebisha Kanuni ya 187, na kuanzia Februari 2020 anayependekeza bima ya maisha alitakiwa kuangalia maslahi ya mteja peke yake, ikiwa ni pamoja na kupima kile ambacho mteja atapoteza kwa kuacha mkataba alionao. Vyama vya mawakala vilikwenda mahakamani vikidai kwamba matakwa hayo hayaeleweki kiasi cha kuweza kutekelezwa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya ngazi ya kati ilikubaliana nao. Oktoba 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilitengua uamuzi huo na kuirudisha kanuni. Kanuni yenyewe haikukataza kamisheni. Ilisema kwamba kiasi cha malipo hakipaswi kuathiri ushauri. Kikomo cha asilimia 55 ya ada ya mwaka wa kwanza kiliendelea kuwamo katika sheria ya bima ya jimbo hilo kama kilivyokuwa.